Kushusha na Kurudisha Injini ya Volkswagen Beetle: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa na wenye magari wenzangu wanaonikuta chini ya mwembe hapa Mbale, Uganda, Beetle yangu ya 1968 ikiwa juu ya stendi na injini yake imelala pembeni juu ya tairi kuukuu. Wengi wao wamerithi gari kwa baba au mjomba, limekaa bandani miaka mingi, na wanaogopa kuligusa. Ninayoyajibu ni ya Beetle yenye injini ya kupozwa kwa hewa: 1200, 1300, 1500 na 1600. Mwenye Peugeot 404 au 504 atapata machache ya kumfaa, lakini zake ni injini za maji na hutolewa kwa juu kwa winchi, baada ya kufungua rejeta na boneti. Hiyo ni kazi nyingine.

Ni lazima injini ishuke? Haitengenezeki ikiwa mahali pake?

Mambo mengi hayahitaji kuishusha. Plagi, platini, kabureta, dainamo, mkanda wa feni, hata kupima nafasi za valvu, yote hufanyika ikiwa ndani. Lakini klachi ya Beetle imebanwa kati ya injini na giaboksi, na hakuna njia ya kuifikia isipokuwa injini itoke. Ni hivyo hivyo kwa sili ya oili iliyo nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalobeba klachi, na kwa silinda na vichwa vyake.

Ukiona oili inadondoka pale injini inapokutana na giaboksi, usikimbilie kushusha. Lowesha kidole uinuse kwanza. Oili ya giaboksi ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti, harufu inayokaa mkononi mpaka kesho yake. Oili ya injini haina harufu hiyo, na kwenye injini iliyotumika huwa nyeusi. Ya kwanza inakuambia sili ya shafti ya giaboksi imechoka, ya pili inaelekeza kwenye sili ya flaiwili. Zote mbili zinadai injini ishuke, ila utajua ununue sili ipi kabla hujafungua, na gari halitakaa wiki nzima likisubiri kipuri.

Inachukua muda gani, na watu wangapi?

Watu wawili. Mara ya kwanza tenga siku nzima. Fundi aliyeizoea anaishusha kwa saa moja au chini ya hapo, kwa sababu imeshikwa na bolti nne tu. Uzito wake ni kama kilo 110, na kwa kuwa inatoka kwa chini huhitaji winchi wala tawi la mti.

Vifaa gani havikosekani?

Spana namba 17 mbili, moja ya ringi na moja ya soketi yenye mkono mrefu. Jeki ya magurudumu yenye ubao mpana juu yake. Stendi mbili imara. Kama utagusa flaiwili, soketi namba 36 na bomba la chuma la mita moja. Fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu. Na spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hata ya kuazima. Nitaeleza sababu mbele.

Jeki iliyokuja na gari ni ya kubadilishia tairi. Usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa hiyo, wala kwa matofali. Tofali la kuchoma hapa kwetu hupasuka bila kutoa onyo. Mimi nimepoteza jirani kwa namna hiyo, na sitaki kusikia habari nyingine ya aina hiyo.

Nianzie wapi?

Anza na betri. Iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Toa waya wa ethi kwanza, ndipo mwingine. Ukiwa hapo angalia kama kifuniko cha betri bado kipo. Mtu mzito akikaa, springi za kiti zikagusa vichwa vya betri, kiti kinawaka, na Beetle kadhaa zimeteketea hivyo. Kama hakipo, kata kipande cha mpira wa tairi la ndani uifunike betri leo leo.

Mwaga oili ikiwa bado vuguvugu. Kisha nenda nyuma kwenye chumba cha injini: waya za dainamo, waya wa koili, waya wa taa ya oili, na waya za kabureta kama yako ina choki ya umeme. Kila waya ufungie kipande cha plasta na uandike umetoka wapi. Piga picha pia, lakini usiitegemee picha peke yake, maana waya nyeusi tatu zilizoiva kwa joto hufanana pichani.

Kebo ya aksileta hushikwa kwenye kabureta na kipini kidogo chenye tundu na skrubu. Kikianguka kwenye nyasi hukipati tena, kwa hiyo kiweke kwenye kopo palepale. Kebo hiyo hupita ndani ya kijibomba kwenye nyumba ya feni; isukume itokee upande wa giaboksi. Watu huisahau sana, halafu wanashangaa injini imening'inia kwa uzi mmoja.

Sasa ingia chini. Mpira wa petroli uko upande wa kushoto. Tanki la Beetle liko mbele, na liko juu kuliko mpira huu, kwa hiyo ukiuchomoa tu petroli inashuka yenyewe mpaka iishe. Shika bolti nyembamba mkononi kabla hujachomoa, na uuzibe hapo hapo. Mtu wa sigara akae mbali, na jiko la mkaa la mama muuza chai pia. Ukimaliza hapo ondoa kebo za hita na mabomba yake mawili kama bado yapo. Wengi hapa Uganda waliyatoa zamani. Sisi wa Mbale hatuyahitaji, ingawa mtu wa Kabale kwenye baridi anayo haki ya kunibishia. Mwisho ni bati la nyuma linaloziba nafasi kati ya injini na mwili wa gari. Skrubu zake huwa zimeshika kutu. Zipake oili ya kupenyeza jioni ya kuamkia kazi.

Bolti nne ziko wapi?

Mbili za chini ni nati unazoziona ukilala chini ya gari, kulia na kushoto. Mbili za juu ziko nyuma ya nyumba ya feni, na hizo huzioni. Unapitisha mkono pembeni ya nyumba ya feni mpaka kiwiko kinakwama, kisha unapapasa hadi vidole viguse nati. Ya kulia hushirikiana na starta: bolti yake hupita kwenye starta yenyewe. Kwenye magari mengi utahitaji mwenzako chini akishika kichwa cha bolti huku wewe unazungusha nati juu.

Fungua za juu kwanza. Kisha weka jeki na ubao katikati chini ya injini, ipandishe hadi iguse tu, bila kuinua gari. Hapo ndipo nati za chini zinatoka. Ukizifungua kabla jeki haijabeba uzito, injini yote inaning'inia kwenye shafti ya giaboksi, na shafti hiyo imepita katikati ya sahani ya klachi. Sahani inapinda. Utairudisha gari barabarani na klachi mpya inayotetemeka kila unapoondoka kwenye kona.

Bolti zote zimetoka lakini injini imegoma. Nitumie nguvu?

Usitumie mtaimbo, kesi ya injini, yaani ganda lake la nje, ni ya magnesiamu na humeguka. Tikisa injini taratibu kulia na kushoto huku unaivuta kuelekea kwako ikiwa imesawazika. Inatakiwa irudi nyuma kama sentimita kumi kabla ya kushuka hata kidogo, ili shafti iachane na klachi. Ikigoma kabisa, simama utazame. Mara nyingi kuna kitu umesahau: kebo ya aksileta, waya mmoja wa dainamo, au bomba la hita.

Ili itoke chini ya bampa, sehemu ya nyuma ya gari iwe imeinuka kama sentimita 90 kutoka ardhini. Kama huna stendi ndefu kiasi hicho, iteremshe injini juu ya ubao wenye magurudumu, kisha wanaume wanne wainue nyuma ya gari wewe ukiivuta. Wakubaliane mapema nani anahesabu.

Injini imeshatoka. Nikague nini kabla ya kuirudisha?

Hapa nakuomba usiwe na haraka. Mtu ameshusha injini kwa ajili ya klachi, anaweka klachi, anairudisha jioni hiyohiyo. Baada ya miezi miwili anaishusha tena kwa sababu ya sili ya bei ya soda mbili.

Kabla hujaondoa klachi, shika puli ya mkanda kwa mikono miwili, isukume mbele kisha uivute nyuma kwa nguvu. Krenki, shafti kuu ya injini, ina ruhusa ya kucheza, lakini kidogo mno: kati ya milimita 0.07 na 0.13. Hiyo huioni kwa jicho, unahisi mguso mdogo tu. Ukisikia "ko" ya chuma kugonga chuma na ukaona puli inasogea, beringi kuu ya upande wa flaiwili imelika au imelegea ndani ya kesi, na klachi mpya haitakusaidia. Mchezo huo hurekebishwa kwa shimu, washa nyembamba zilizo nyuma ya flaiwili. Huwa ni tatu daima, na unachobadilisha ni unene wake.

Flaiwili imefungwa kwa nati moja kubwa, namba 36, inayotakiwa kukazwa kwa Nm 340 hivi (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Spana za toki tunazoazimana hazifiki huko. Hesabu yake ni nyepesi: kilo 35 zikining'inia kwenye ncha ya mkono wa mita moja uliolala sawasawa zinakupa karibu kiasi hicho. Mimi hupima mita moja kutoka katikati ya nati, natia alama kwenye bomba, kisha naning'iniza dumu la lita 20 la maji pamoja na mawe yaliyopimwa kwenye mzani wa muuza mahindi. Flaiwili lazima izuiwe isizunguke kwa chuma kilichofungwa imara. Nati hii ikilegea njiani, flaiwili hukata pini zake na krenki inaharibika kabisa.

Ndani ya nati hiyo kuna beringi ndogo ya sindano ambayo ncha ya shafti ya giaboksi hukaa. Itazame kama sindano zote zipo, uipake grisi kidogo sana. Beringi ya klachi iliyo upande wa giaboksi izungushe sikioni: ikinguruma, itupe. Zile za kabla ya 1971 hushikwa na vibanio vya waya, za baadaye hukaa kwenye bomba la kuongozea. Presha pleti zake, yaani bamba linalobana sahani ya klachi, hazifanani, kwa hiyo usichanganye.

Yale mabati na mpira unaozunguka injini yana kazi gani? Fundi ameniambia si lazima.

Ni lazima. Kama utakumbuka jibu moja tu katika haya yote, liwe hili.

Injini hii haina maji. Feni inavuta hewa baridi ya chumba cha injini, inaisukuma chini kupita kwenye mapezi ya silinda, na hewa iliyopata moto inatokea chini ya gari. Mabati yanazitenganisha hewa mbili hizo, ya juu iliyo baridi na ya chini iliyo moto. Mpira mweusi unaozunguka ukingo wote wa chumba unaziba mwanya uliobaki. Toa bati moja au acha mpira nje, na feni inaanza kunywa hewa ileile moto iliyoitema.

Mwaka mmoja niliiacha gari kwenye gereji moja ili wabadilishe klachi, mimi nikiwa msibani. Waliirudisha safi, imeoshwa, klachi laini. Wiki hiyo nikampeleka mama mkwe Kapchorwa. Kabla hatujafika Sipi, kwenye ile mipando, gari likaanza kupoteza nguvu, nikasikia sauti ya kugonga upande wa kushoto na harufu ya rangi inayoungua. Nikasimama. Nilipofungua mlango wa injini, nikaona barabara kupitia pembeni ya injini, mahali ambapo mpira unatakiwa kuwa. Mabati mawili madogo ya chini ya puli pia hayakuwepo. Mama mkwe alikaa juu ya jiwe saa tatu bila kulalamika hata mara moja, tukisubiri injini ipoe.

Nyumbani nikapima valvu. Ya ekzosi kwenye silinda namba 3 haikuwa na nafasi hata kidogo. Fila geji nyembamba kuliko zote haikupita. Namba 3 ndiyo huumia kwanza kwenye injini za zamani, kwa sababu kipoza oili kimekaa kwenye njia ya hewa yake. Toleo la kuanzia 1971 lilikihamisha kipoza hicho. Valvu iliyovutika hivyo ikikatika kichwa, kinaangukia juu ya pistoni. Yangu niliiwahi. Nikapeleka kichwa cha silinda Kampala, kikatoka kwenye basi kikapakatwa kwenye boda boda kama mtoto hadi kwa watu wa mashine.

Kwa hiyo, injini inapotoka, hesabu mabati na uandike idadi. Inaporudi, hesabu tena. Mpira ukiwa mgumu au umekatika, nunua mpya.

Nairudishaje bila kuharibu klachi mpya?

Sahani ya klachi lazima ikae katikati kabisa kabla ya kukaza presha pleti. Shafti kuukuu ya giaboksi ndiyo kifaa bora. Ukiikosa, chonga mti wa mvule unaoingia sawasawa kwenye meno ya sahani na kwenye ile beringi ndogo. Kaza bolti za presha pleti kwa mzunguko, robo robo, hadi Nm 25.

Pandisha injini mpaka iwe sambamba na giaboksi, isukume mbele. Meno yakikataa kuingiliana, weka gia ya nne, mwenzako azungushe tairi la nyuma kidogo, au wewe zungusha puli. Itaingia na utasikia imekaa. Nyuso mbili za chuma lazima zikutane kwa nguvu ya mikono tu, ndipo nati zifungwe. Ukiona mwanya ukaamua kuuvuta kwa kukaza bolti, utavunja sikio la kesi. Nati hizo nne zinatosha kwa Nm 30. Ndiyo sababu nilitaka spana ya toki: magnesiamu ni laini, na mkono uliozoea lori la Isuzu hung'oa nyuzi zake kwa mara moja.

Naiwasha vipi mara ya kwanza?

Oili lita 2.5 kwanza. Usicheke, yupo aliyesahau. Chomoa waya wa koili, piga starta hadi taa ya oili izime, kisha rudisha waya. Nyaya za plagi hufuata mpangilio 1-4-3-2. Silinda namba 1 ni ya kulia kuelekea mbele ya gari, 2 iko nyuma yake, 3 ni kushoto mbele, 4 kushoto nyuma. Distribita kama hukuigusa, haina haja ya kuchezewa.

Mtu mmoja awe ndani, mwingine asimame nyuma na kizima moto, akitazama mpira wa petroli kwa dakika tano nzima. Mpira wa zamani hupasuka siku ileile umeukunja. Pedali ya klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwa juu.

Vipuri vinapatikana?

Vinapatikana. Beetle iliendelea kutengenezwa Puebla, Meksiko, hadi 2003, na vipuri vyake bado vinazalishwa. Kampala anza na soko la Kisekka, lakini usiende mikono mitupu, nenda na kile cha zamani. Kuna klachi za milimita 180 na za 200, na kuna flaiwili za meno 109 za umeme wa volti 6 na za meno 130 za volti 12. Muuzaji atakuambia zote ni sawa. Weka kimoja juu ya kingine mezani kwake.

Nikibadilisha kesi ya injini, kuna tatizo la kisheria?

Nambari ya injini imegongwa kwenye kesi, chini ya kiti cha dainamo, na ndiyo iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Kesi mpya ina maana ya nambari nyingine, kwa hiyo rekebisha usajili kabla askari wa barabarani hajakuuliza. Piga picha ya nambari yako kabla gari halijaingia gereji yoyote.

Kwa nini nisiweke injini ya Toyota nipumzike?

Gari ni lako. Mimi nisingefanya. Tangu 2018 Uganda imezuia kuingiza magari yaliyopita miaka 15, kwa hiyo Beetle zilizobaki hapa hazitaongezwa nyingine kwa urahisi. Gari aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1962, likiendeshwa na Tommy Fjastad, kwa injini hii hii ya hewa unayotaka kuitupa.

Baada ya kurudi barabarani nikague nini?

Baada ya kilomita 500 pima valvu zote, injini ikiwa imelala usiku kucha na ni baridi kabisa: milimita 0.15 kwa 1300, 1500 na 1600. Badilisha oili, usafishe chujio, na nati zake ndogo uzikaze ukishika spana kwa vidole viwili tu, Nm 7. Kwa barabara zetu za marramu fungua pia kisafisha hewa cha oili. Ukikuta matope chini yake, osha na ujaze oili hadi kwenye alama. Halafu, injini ikiwa inanguruma, zungusha kiganja taratibu ukingoni mwa chumba cha injini, mbali na mkanda na feni. Mahali popote utakapohisi hewa moto inapanda, mpira haujakaa.